Ndege ya Pili Ikiondoka Bila Wewe

Msafiri anayetoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Entebbe kwenda Toronto, Chennai, Oslo au Melbourne mara nyingi hana budi kushuka njiani na kupanda ndege nyingine. Atashukia Addis Ababa, Doha, Dubai, Muscat, Istanbul, Nairobi au Kigali, na hapo atasubiri saa mbili, tatu, pengine kumi. Safari nzima inategemea kituo hicho cha katikati. Ndege ya kwanza ikichelewa kwa sababu ya mvua, hitilafu ya injini au msongamano wa ndege zinazosubiri kutua, ya pili haimngoji. Jina lake linaitwa mara ya mwisho na geti linafungwa yeye akiwa bado kwenye basi la uwanjani. Watu wengi huliita tukio hilo mkosi, na dawa wanayompa aliyepatwa nalo ni subira. Naona tunachanganya mambo mawili. Kuna kuchelewa, ambako kweli hakuko mikononi mwa abiria, na kuna kutelekezwa, ambako kwa sehemu kubwa kuliamuliwa wiki kadhaa kabla, siku tiketi iliponunuliwa. Abiria wawili walioshuka ndege moja, wakachelewa dakika zilezile na kusimama kwenye kaunta ileile, wanaweza kuachana hapo: mmoja akapewa hoteli na kiti cha asubuhi, mwingine akalala sakafuni na kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Kinachowatenganisha ni mkataba walioingia, na wengi wetu huingia mkataba huo bila kuusoma.

Kwanza tuone kwa nini saa moja ya kuchelewa huzaa siku nzima ya kusubiri. Mashirika yanayoishi kwa kuunganisha abiria, kama Ethiopian, Emirates na Qatar Airways, hupanga ndege zake kwa mawimbi. Katika uwanja wa Bole, Addis Ababa, ndege kutoka miji mingi ya Afrika hutua kwa mfululizo jioni, abiria wanagawanywa upya, na kuelekea usiku wa manane ndege za Ulaya, Asia na Amerika zinaondoka moja baada ya nyingine. Mpango huo ndio unaomwezesha mtu wa Kilimanjaro kufika Washington kwa kubadili ndege mara moja tu. Ubaya wake ni kwamba aliyekosa wimbi hana ndege ya baada ya nusu saa. Anangoja wimbi linalofuata, na kama mji anaokwenda unahudumiwa mara tatu au nne kwa wiki, anangoja siku. Zaidi ya hapo, hajachelewa peke yake. Ndege moja iliyochelewa inaweza kuwa na abiria arobaini waliokuwa wakienda mji mmoja, na ndege ya kesho ya mji huo ilikwishauzwa karibu yote. Viti vilivyobaki ni vichache, na vinagawiwa kwa utaratibu ambao aliyekwama hauoni.

Hapo ndipo tiketi inapoanza kusema. Tiketi ya ndege ya siku hizi ina alama mbili ambazo abiria hupita juu yake bila kuzitazama. Ya kwanza ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita, ambao ndio jina la nafasi yako katika mfumo wa shirika. Ya pili ni namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways, 459 ni RwandAir, 197 ni Air Tanzania. Ukiona safari yako yote, kutoka Mwanza hadi Manchester, imebebwa na namba moja ya tiketi, maana yake kuna shirika moja lililoahidi kukufikisha Manchester, hata kama katikati utapanda ndege ya shirika jingine lenye makubaliano nalo. Ukiona namba mbili zenye tarakimu tatu za mwanzo tofauti, una uwezekano mkubwa wa kuwa na ahadi mbili zisizojuana: moja inaishia Nairobi au Dubai, nyingine inaanzia hapohapo, na katikati yake hakuna anayewajibika ila wewe. Ratiba iliyochapwa vizuri kwenye karatasi moja yenye nembo ya wakala haiondoi hatari hiyo. Kuna tovuti nyingi za tiketi za bei nafuu zinazoshona ndege za mashirika mawili yasiyohusiana na kuzionyesha kama safari moja, na onyo lake likawa mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa.

Mwenye tiketi moja akikosa ndege kwa sababu ile ya kwanza ilichelewa, shirika linabaki na deni la kumfikisha. Ndiyo maana mifumo ya mauzo hukataa kuunganisha ndege mbili iwapo muda kati yake uko chini ya kiwango cha chini kilichowekwa kwa kila uwanja. Shirika lililokubali kukuuzia dakika 70 za kuunganisha limekubali pia matokeo ya dakika hizo. Mwenye tiketi mbili hana hilo. Kwa shirika la pili, yeye ni abiria aliyechelewa kufika uwanjani, sawa na mtu aliyekwama kwenye foleni ya magari ya Mbagala. Tena kuna adhabu inayowashtua wengi: masharti ya kawaida ya mashirika husema abiria asiyetokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi hufutiwa vipande vinavyofuata, pamoja na safari ya kurudi. Kwa hiyo ndege moja iliyochelewa kutoka Dar es Salaam inaweza kufuta ndege ya kurudi ya mwezi ujao, na abiria asijue hadi siku ya kurudi.

Mzigo nao una lugha yake. Kwenye kaunta ya Julius Nyerere au Jomo Kenyatta, mhudumu hufunga utepe kwenye mkono wa begi, na juu ya utepe huo kuna herufi tatu kubwa za uwanja ambako begi litatolewa. Abiria wa London akisoma LHR, begi limekabidhiwa hadi London. Akisoma DOH au DXB, begi litazunguka kwenye mkanda wa Doha au Dubai likimngoja, na ili alifikie lazima apite uhamiaji, achukue begi, apande ghorofa ya waondokao na kujiandikisha upya. Kupita uhamiaji maana yake ni kuingia nchini, na kuingia nchini kunahitaji ruhusa. Tiketi mbili zilizoonekana kuwa jambo la bei zimegeuka kuwa jambo la viza. Utepe huo unasomwa kwa sekunde tano, na wakati mzuri wa kuusoma ni kabla begi halijaondoka kwenye mizani.

Pasipoti ndiyo sehemu ambayo ushauri mwingi ulioandikwa Ulaya na Marekani haumfai msomaji wa Kiswahili. Washauri wa huko humwambia aliyekwama atoke nje, atafute hoteli ya bei nafuu na aone mji. Mtanzania au Mkenya asiye na viza ya Schengen hatatoka nje ya Frankfurt. Uwanja huo, tangu mwaka 2011, hauruhusu safari zilizopangwa kuondoka wala kutua kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, hivyo ndege ya jioni iliyochelewa kidogo tu inaweza kumlaza mtu hapo. Sheria ya viza ya Ulaya inawaruhusu maofisa wa mpakani kutoa viza kwa dharura ambayo haikuweza kutabirika, lakini uamuzi ni wao. Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi ana kikwazo kikubwa zaidi, kwani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake, isipokuwa wenye vibali fulani, wanahitaji viza hata ya kukaa ndani ya uwanja wa Schengen wakingoja ndege nyingine. Uingereza nayo inawataka raia wa nchi nyingi za Afrika Mashariki wawe na viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wenye viza za nchi chache zilizotajwa, kama Marekani na Kanada. Marekani haina kabisa utaratibu wa kupita bila viza. Iliusitisha mwaka 2003. Hata mtu anayekwenda Mexico kupitia Miami lazima awe na ruhusa ya kuingia Marekani.

Faida ya kuyajua hayo inaonekana usiku wa kukwama. Shirika likikupa njia mbadala, uliza inapita wapi kabla ya kushukuru. Anayekwenda Washington akiwa na viza ya Marekani, akapangiwa upya kupitia Amsterdam kisha Frankfurt, ataambiwa hawezi kupanda, kwa sababu ndege kati ya miji hiyo miwili ni ya ndani ya Schengen. Mpangaji aliye mbele ya kompyuta huona viti. Viza yako haioni. Wewe ndiye unayepaswa kumwambia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni bei, na ni pingamizi la kweli. Watu wananunua tiketi mbili kwa sababu bei inapungua, na kwa familia ya watu watano punguzo hilo linaweza kuwa ada ya muhula mzima wa shule. Sitamlaumu mzazi aliyefanya hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba hesabu haijakamilika. Katika bei ndogo hakuna gharama ya begi la pili la kulipia, hakuna viza ya kupita, hakuna usiku wa hoteli, wala tiketi mpya ya siku ileile, ambayo aghalabu ndiyo ghali kuliko zote. Aliyenunua tiketi mbili amejifanya kampuni ya bima ya safari yake mwenyewe, na anapaswa kuwa na akiba ya kampuni ya bima. Kama hana, punguzo ni mkopo ambao hajui utadaiwa lini.

Hata hivyo tiketi mbili si mbaya kila mahali, na hapa Afrika Mashariki tuna nafasi ambayo wengine hawana. Mtanzania anaingia Nairobi, Kigali au Entebbe bila viza. Akiunganisha hapo kwa tiketi mbili, anaweza kuchukua begi lake, kulala kwa ndugu au nyumba ya wageni ya bei ndogo, kula kwa fedha anayoijua, kueleweka kwa Kiswahili au Kiingereza cha kuombea maji, na kurudi uwanjani kesho yake. Hatari ya kukosa ndege ni ileile, ila madhara yake yanavumilika. Ndiyo maana, kama lazima safari ikatwe vipande viwili, ikatwe karibu na nyumbani, na usiku mzima uachwe katikati. Kuikatia Doha au Paris, kwa saa tatu, na begi la kilo 30, ni kucheza kamari kwa fedha ya kuazima.

Pingamizi la pili linasema haki zote hizi ni za karatasi, na kwamba shirika likishaamua kukutelekeza hakuna wa kukusikia. Historia ya mahakama inasema tofauti. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inamlinda abiria yeyote anayeondoka kwenye uwanja wa Ulaya, bila kujali uraia wake wala shirika, na pia anayekwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria aliyetoka Bremen kwenda Asunción, nchini Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa karibu saa mbili na nusu, akakosa zilizofuata, akafika saa 11 baada ya muda. Shirika lilidai kuchelewa kwa mwanzo kulikuwa kudogo. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni saa ya kufika mwisho wa safari, na ndege zilizounganishwa kwa mkataba mmoja ni safari moja. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilisema vivyo hivyo kwa safari ya Berlin hadi Agadir kupitia Casablanca, ingawa tatizo lilitokea Morocco na shirika lilikuwa la Morocco. Mwaka 2019 ikaongeza kwamba shirika la Czech lililouza safari ya Prague hadi Bangkok linawajibika kwa ucheleweshaji uliotokea Abu Dhabi kwenye ndege ya shirika jingine, kwa kuwa tiketi ilikuwa moja.

Uzito wa hukumu hizo kwetu ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mwanafunzi wa Kitanzania anayerudi nyumbani kutoka Paris kwa tiketi moja kupitia Doha au Dubai analindwa na sheria ya Ulaya hadi Dar es Salaam, hata kama ndege iliyoharibika ni ile ya Ghuba. Akifika amechelewa saa tatu au zaidi, na sababu haikuwa ya nje ya uwezo wa shirika, anaweza kudai hadi euro 600, kwa kuwa safari inazidi kilomita 3,500. Njia ileile ikigeuzwa, kutoka Dar es Salaam kwenda Paris kwa shirika la Ghuba, ulinzi huo haupo. Kwa KLM kupitia Amsterdam, upo. Na katika hukumu zote tatu neno lililobeba uamuzi ni lilelile: mkataba mmoja. Mwenye tiketi mbili angefika mahakamani mikono mitupu.

Nje ya Ulaya kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Hauna malipo ya moja kwa moja kama ya Ulaya. Unampa abiria haki ya kurudishiwa hasara aliyoipata kwa kuchelewa na anayoweza kuithibitisha, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zilizotarajiwa. Kikomo kilipandishwa 28 Desemba 2024 hadi vizio 6,303 vya fedha ya hesabu ya IMF, zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Maneno mawili hapo yatiliwe mkazo: hasara na uthibitisho. Risiti ya hoteli, ya chakula, ya teksi na ya dawa ndiyo kesi yenyewe. Begi lililochelewa lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu lilipopokelewa, na madai ya mahakamani yafunguliwe ndani ya miaka miwili. Aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi akianzia Dar es Salaam anaweza kushitaki Tanzania, kwa sababu kisheria mwisho wa safari yake ni Dar es Salaam. Hahitaji wakili wa Doha.

Pingamizi la tatu ni la majanga: hakuna shirika linaloweza kuzuia mvua wala vita. Ni kweli, na fidia ya fedha mara nyingi huanguka hapo. Matunzo ni jambo jingine. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Ndege zipatazo 100,000 zilifutwa, abiria wakakwama hadi Nairobi, na maua ya wakulima wa Naivasha yakaharibika kwa kukosa ndege. Abiria mmoja aliyekwama Ureno wiki nzima alidai gharama za kula na kulala. Mwaka 2013 mahakama ya Ulaya iliamua kwamba hata janga kubwa kama hilo haliliondolei shirika wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria, na sheria haikuweka kikomo cha siku. Huwezi kudai volkano ikulipe, ila unaweza kudai shirika lisikuache na njaa.

Naomba niwe mwaminifu kuhusu mipaka ya hoja hii. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Emirates ilifuta ndege karibu 400 ndani ya siku tatu na kusimamisha kwa muda abiria wa kuunganisha. Rais wake, Tim Clark, aliandika barua ya wazi akiomba radhi na kukiri mapungufu. Alieleza kwamba walitafuta vyumba zaidi ya 12,000 vya hoteli, wakatoa vocha 250,000 za chakula, na mabegi yapatayo 30,000 yalikuwa bado hayajawafikia wenyewe. Kulikuwa na watu wenye tiketi moja safi kabisa waliolala sakafuni. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa wakati wa shambulio la makombora la Iran, ndege zaidi ya 90 za Qatar Airways zikageuziwa viwanja vingine, na abiria zaidi ya 20,000 wakavurugikiwa. Siku kama hizo mkataba haukuletei kitanda usiku uleule. Unachokupa ni nafasi kwenye orodha ya watakaopelekwa, na haki ya kurudishiwa ulichotumia. Asiye kwenye orodha hana wa kumngoja.

Kwa hiyo saa ya kwanza ya kukwama itumike kutekeleza mkataba. Mara nyingi mfumo hukupangia ndege mpya kabla hujatua, hivyo fungua simu uone ujumbe na programu ya shirika kabla ya kujipanga kwenye foleni ya watu mia. Ukiwa kwenye foleni, piga simu ofisi ya shirika nyumbani au wakala wako. Anayejibu Dar es Salaam saa tatu asubuhi anaona viti vilevile anavyoviona mhudumu wa kaunta aliyechoka, na hana watu mia mbele yake. Ombi la kwanza liwe kiti, la pili chumba, kwa sababu vyumba vinaweza kuongezwa na viti havizaliwi. Omba jibu la maandishi: sababu ya kuchelewa, saa mpya, na nani analipa. Piga picha ya ubao wa matangazo, ya pasi ya kupandia na ya utepe wa mzigo. Dawa za sukari, presha au ARV zisitoke kwenye begi la mkononi hata siku moja, wala maziwa ya mtoto, wala chaja.

Kuna wanaoona haya kuulizauliza. Tumelelewa kumheshimu mtu wa kaunta na kutojifanya wajuaji ugenini, na adabu hiyo ni nzuri. Kwenye kaunta ya usiku hata ina faida, kwa sababu mhudumu aliyetukanwa na watu thelathini humsaidia kwa moyo anayemsalimia. Lakini adabu haizuii swali. Mtu anaweza kusema kwa sauti ya chini, akiwa ameshika tiketi yake, kwamba safari hii ni tiketi moja, kwamba ndege iliyochelewa ni ya shirika hili, na kwamba anaomba chumba na chakula hadi ndege ya kesho. Akishasema hivyo hajakosa heshima, amekumbusha deni.

Bima nayo inahitaji neno moja. Wengi hutuliza roho wakijua wana bima ya safari, kwa kuwa ubalozi uliwadai. Bima inayotakiwa kwa viza ya Schengen ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani, isiyopungua euro 30,000. Ndege iliyokukimbia haimo, ila kama ulinunua kifungu chake. Mwenye tiketi mbili ndiye anayekihitaji zaidi kifungu hicho, na asome kwanza kama kinakubali tiketi mbili, kwani vipo vinavyozikataa.

Pingamizi linaloniuma ni la mwisho: kwamba nimemtwisha abiria mzigo wote. Msichana wa Tanga au Kwale anayekwenda Muscat au Riyadh kufanya kazi za ndani hakuchagua tiketi, hakuiona bei, na pengine namba yake ya nafasi iko kwenye simu ya wakala. Mgonjwa anayepelekwa Chennai na mtoto wake hana muda wa kusoma Mkataba wa Montreal. Kuwaambia hao wasome masharti ni kuwaonea. Wajibu wao umebebwa na wale waliouza safari, na hao tunawajua waliko: wana ofisi mjini, wana leseni zinazotolewa chini ya sheria za utalii, ya mwaka 2008 kwa Tanzania na ya mwaka 2011 kwa Kenya. Tanzania pia ina baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri wa anga, lililoundwa chini ya sheria ya mamlaka ya anga, TCAA, na malalamiko ya abiria ni kazi yake. Leseni ya wakala inaweza kubeba sharti la kuandika kwenye risiti, kwa Kiswahili, mambo manne: safari hii ni tiketi moja au zaidi, mzigo utachukuliwa uwanja gani, mwenye pasipoti hii anaruhusiwa au haruhusiwi kutoka nje ya uwanja wa katikati, na simu ya mtu atakayepokea saa nane usiku. Mteja asaini chini ya mistari hiyo, na wakala naye asaini.